Mifupa Sita ya Kanga

Shemeji,

Mama amepona mafua, anawasalimu.

Tarehe tisa nilikuambia kwamba droo yetu ya maabara ya kulinganishia mifupa ya ndege ina ya kuku tu, ndiyo maana ile sita ya kale uliyochimbua ukaiita ya kuku. Nikanunua kanga, nikamchemsha, nikalinganisha. Yote sita ni ya kanga. Ukanicheka mbele ya wachimbaji: “Kidato cha nne huyu! Kala kitoweo, anaita utafiti.”

Leo nimeisoma ripoti yako. Umeandika kwamba ile sita ni ya kuku wa kale kuliko wote nchini, na chini yake jina langu, eti mimi ndiye niliyeitambua mifupa!

Nimelikata kwa wino. Nifukuze kazi ukitaka. Dada akiuliza kwa nini siji Jumapili, mweleze mwenyewe.

Ni mimi, shemeji yako wa maabara.