Betri Nzima, Betri Zima

CHAMA CHA URUBANI CHA CHIRIKU, MALINDI
Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati ya Mafunzo

Tarehe: Jumamosi, 8 Novemba 2025
Mahali: Chumba cha darasa kando ya banda la ndege

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Thoya Mangi – Mwenyekiti
2. Bi. Caroline Kanze – Katibu
3. Kapteni Mbaruk Yaseen – Mkufunzi Mkuu
4. Bi. Radhia Mbwana – Mwanachama, rubani
5. Bi. Kache Ngowa – Mwakilishi wa wanafunzi

ALIYEALIKWA
Bi. Kahaso Mwaringa – Mwanafunzi

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Kavumbi – harusi Mambrui

ALIYEKOSA BILA UDHURU
Bw. Mwaro – alionekana dirishani akipita kwa pikipiki. Alipungiwa mkono, naye akapunga.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu asubuhi baada ya dua ya Bi. Radhia na sala ya Bi. Kache. Alisema sala zote mbili zilikuwa ndefu kuliko kawaida, na kwamba anaelewa sababu.

Kabla ya ajenda, Mkufunzi Mkuu aliuliza kwa nini kuna jogoo nje. Bi. Kahaso alieleza kwamba babake, Mzee Mwaringa, ametoka Adu alfajiri, na jogoo ni shukrani ya familia kwa mwalimu. Mwenyekiti aliamua jogoo asikabidhiwe kwa mtu yeyote mpaka uamuzi utolewe. Mzee alikubali, akabaki naye kwenye benchi.

KUMB. NA. 2/11/2025: SABABU YA KIKAO

Mwenyekiti alieleza kwamba jambo ni moja. Bi. Kahaso alikuwa aruke peke yake kwa mara ya kwanza wiki hii. Kufuatia hitilafu ya stima angani siku ya Jumanne, Mkufunzi Mkuu amependekeza arudishwe darasani aanze upya somo la stima ya ndege. Akirudishwa, zamu yake itachukuliwa na wanafunzi wapya, naye atangoja mpaka mvua za masika zipite.

Mkufunzi Mkuu alisema hana kinyongo na mwanafunzi. Ila mwanafunzi alizima betri angani bila amri, na rubani anayezima kitu ambacho hakuambiwa azime hawezi kuachiwa ndege.

Bi. Kahaso alisema, kwa heshima zote, kwamba amri ilitolewa, na aliyeitoa ni Kapteni mwenyewe.

Mkufunzi Mkuu alisema hakutoa.

Bi. Kahaso alisema alitoa.

Mwenyekiti aliomba maji ya kunywa.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA SAFARI

Wote wawili walikubaliana juu ya mambo yafuatayo.

Ndege ya chama, Chiriku, ilikuwa juu ya Mambrui ikielekea kusini. Bi. Kahaso alikuwa kiti cha kushoto akiiongoza, Mkufunzi Mkuu kiti cha kulia. Bi. Kahaso alisema, "Kapteni, taa imewaka." Mkufunzi Mkuu alijibu, "Alhamdulillahi."

Bi. Radhia aliomba ufafanuzi. Mkufunzi Mkuu alieleza kwamba nyumbani kwao mtu akisema taa imewaka, maana yake stima imerudi, na hilo ndilo jibu lake tangu utoto. Aligundua baada ya kitambo kidogo kwamba hawakuwa nyumbani, na kwamba taa iliyowaka ni ile nyekundu ya kuonya kuwa stima inapungua.

Mita ya stima ilionyesha betri inatoa tu, haiingizi. Altaneta, mtambo unaoijaza betri injini ikizunguka, ilikuwa imekufa. Baadaye ilionekana mkanda wake umekatika. Bi. Kahaso alirudisha kitufe cha kinga ya altaneta mara moja, kama alivyofundishwa. Taa haikuzimika, naye hakukigusa tena. Mkufunzi Mkuu alianza kutaja vitu vya kupunguza, mwanafunzi akawa anavifuata swichi kwa swichi. Ghafla redio ilikatika, na hedifoni za masikioni zikafa pamoja nayo. Kwa sababu ya kelele ya injini, kutoka hapo hawakusikizana hata neno moja.

Mkufunzi Mkuu alidhani betri imeifuata altaneta. Bi. Kahaso alidhani mwalimu ameamua wakae bila stima kwa sababu anazozijua yeye. Hivyo hakuna aliyegusa swichi ya betri. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona amenuna.

Walirudi Malindi kimya. Mnarani waliwamulika taa ya kijani, maana yake ruhusa ya kutua. Flapu za mabawa, zinazosaidia ndege kutua kwa mwendo mdogo, hazikuteremka, kwani mota yake hutumia stima. Bi. Kahaso aliongeza mwendo kidogo kama inavyotakiwa, akatua mwenyewe. Ndege iliposimama, Mkufunzi Mkuu aliona swichi ya betri iko chini, yaani imezimwa.

KUMB. NA. 4/11/2025: MASWALI YA STIMA

Bi. Kache aliuliza kwa niaba ya wanafunzi kwa nini injini haikuzimika. Mwenyekiti alielekeza swali kwa Bi. Kahaso, ili kamati ipime anachokijua.

Bi. Kahaso alieleza kwamba injini ina magneto mbili zinazozungushwa nayo yenyewe, na hizo hutengeneza cheche za plagi bila kuomba chochote kwa betri wala altaneta. Kipimo cha mwendo na cha kimo hufanya kazi kwa hewa. Kinachopotea ni redio, taa, flapu na vipimo vya mafuta.

Kuhusu stima yenyewe, alitumia mfano wa nyumba za Muyeye, anakoishi Bi. Kache. Betri ni tangi la maji juu ya paa. Volti ni urefu wa tangi, yaani nguvu inayosukuma maji. Ampea ni maji yanayopita kwenye bomba. Altaneta ni pampu inayojaza tangi huku watu wakichota. Ni lazima isukume kwa nguvu kuliko tangi, ndiyo sababu altaneta ya Chiriku hutoa volti ishirini na nane na betri ni ya ishirini na nne. Zikilingana, hakuna maji yatakayopanda. Pampu ikifa, tangi bado lina maji, lakini si ya kuoshea gari. Unafunga mabomba yote, unabakisha la kupikia. Ndani ya ndege, la kupikia ni redio.

Bi. Kache alisema Muyeye wanayajua hayo bila kwenda angani.

Mwenyekiti alimwuliza Mkufunzi Mkuu kama kuna kosa katika maelezo. Mkufunzi Mkuu alisema hakuna. Aliongeza kwamba mfano wa tangi ni wake, na kwamba gari halikuwamo.

Mwenyekiti aliuliza kama mtu anayejua hivyo anahitaji kuanza somo upya. Mkufunzi Mkuu alisema tatizo si kujua, ni kusikia.

KUMB. NA. 5/11/2025: NENO LENYEWE

Mwenyekiti alimwomba kila mmoja arudie maneno ya mwisho kabla ya redio kukatika.

Mkufunzi Mkuu alisema maneno yake yalikuwa haya: "Taa ya kutua, zima. Redio ya pili, zima. Betri nzima." Alikusudia kumtuliza mwanafunzi, kwamba betri haina neno.

Bi. Kahaso alisema aliyoyasikia ni haya: "Taa ya kutua, zima. Redio ya pili, zima. Betri, zima." Akaizima.

Katibu aliandika matamko yote mawili, moja chini ya jingine.

Mkufunzi Mkuu alisema mtu aliyelelewa kwa Kiswahili cha sawasawa angeisikia ile n. Alisema pia kwamba Mswahili anayetaka betri izimwe husema "zima betri", hasemi "betri zima".

Bi. Kahaso alijibu, "Kapteni, samahani. Nyumbani tunasema zima taa. Ndani ya ndege umenifundisha kutaja kitu kwanza, kisha la kufanya. Ukasema taa, zima. Redio, zima. La tatu nilitarajie nini?"

Mkufunzi Mkuu alisema kwa vyovyote vile betri haiwi nzima. Mzima ni mtu.

Bi. Radhia, ambaye mamake Mkufunzi Mkuu ni shangazi yake, alisema shangazi huyo huuliza kila siku kama friji ni nzima, na Mkufunzi Mkuu hajawahi kumsahihisha. Alisema anangojea siku hiyo kwa hamu.

Mkufunzi Mkuu aliomba mambo ya friji yasiingizwe kwenye kumbukumbu. Ombi lilipigiwa kura, likaanguka.

KUMB. NA. 6/11/2025: JARIBIO NA MARUFUKU

Iliamuliwa maneno yajaribiwe. Mashine ya kukata nyasi iliwashwa bandani, Mkufunzi Mkuu akasimama kando yake na kutamka maneno yale matatu. Wajumbe walikaa wakimpa mgongo.

Wote walisikia "zima" mara tatu, isipokuwa Bi. Radhia, aliyesikia "nzima". Alieleza kwamba Mbaruk humeza n tangu wakiwa madrasa, na masikio yake yeye yamezoea kuirudisha.

Mkufunzi Mkuu alipinga, akisema wajumbe walijua wanachotegewa. Mwenyekiti aliona hoja ina uzito. Alimwendea Mzee Mwaringa, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akamwuliza Kapteni amesema nini. Mzee alijibu, "Amesema kila kitu kizimwe. Na hii mashine yenu pia, au hii iachwe?"

Mkufunzi Mkuu alisema shahidi huyo ni baba wa mhusika. Mwenyekiti alijibu kwamba baba wa mhusika hakujua jibu lipi litamfaa nani. Mashine ilizimwa.

Iliazimiwa kwamba maneno "zima" na "nzima", na ndugu zao wote, yasitumike tena kwenye redio ya chama. Kwa kuondoa stima itasemwa "kata". Bi. Kache alikuwa amependekeza "funga", lakini ilionekana kwamba mwanafunzi atakayeambiwa "funga" anaweza kushika mkanda wa kiti. Kwa kitu kisicho na kasoro, Bi. Kahaso alipendekeza "salama". Mkufunzi Mkuu alisema hayo yatakuwa maamkizi, si urubani. Pendekezo lilipita, yeye peke yake akipinga.

KUMB. NA. 7/11/2025: UAMUZI

Mwenyekiti alimwuliza Mkufunzi Mkuu kama bado anasimamia pendekezo lake.

Mkufunzi Mkuu alisema angependa kueleza jambo. Tangu Jumanne hajalala vizuri. Kule angani, katika ule ukimya, alikuwa ameweka mikono tayari kuchukua usukani, akamwona mwanafunzi hana redio, hana flapu, na mwalimu wake amenuna, lakini mwendo wa ndege haukutikisika. Mikono yake ilibaki mapajani mpaka magurudumu yakagusa lami. Baadaye aliogopa zaidi kuliko alivyoogopa juu, na mtu akiogopa hivyo hutafuta wa kumrudisha darasani.

Alisema anaondoa pendekezo. Anayehitaji kurudishwa darasani ni n yake.

Bi. Kahaso alisema, "Ahsante, Kapteni. Sikujua uliogopa. Nilidhani umenuna tu."

Mkufunzi Mkuu alijibu, "Nilinuna, mwanangu. Nilidhani wewe umeanza."

Kamati iliidhinisha kwa kauli moja Bi. Kahaso aruke peke yake. Mkufunzi Mkuu alisema mkanda mpya wa altaneta umefungwa na kukaguliwa, upepo ni mpole, na haoni sababu ya kungoja.

KUMB. NA. 8/11/2025: MENGINEYO

Kikao kiliahirishwa, wajumbe wakatoka nje. Jogoo alikabidhiwa kwa Mkufunzi Mkuu, ambaye alimshika kwa mkono mmoja na redio ya mkononi kwa mwingine, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumpokea.

Bi. Kahaso aliruka, akazunguka uwanja, akatua. Mzee Mwaringa alisimama wakati wote. Mwenyekiti alimwuliza anaonaje. Alisema ameona kwamba kiti cha kulia kilikuwa kitupu.

Chiriku iliposimama mbele ya banda, injini bado ikizunguka, Mkufunzi Mkuu aliita kwa redio, "Betri?"

Bi. Kahaso alijibu, "Salama, Kapteni. Na wewe?"

Mkufunzi Mkuu alimsogeza jogoo kwapani. Kisha alisema, "Mzima."

Katibu anarekodi kwamba neno hilo limepigwa marufuku chini ya KUMB. NA. 6/11/2025, kwamba n haikuhitajika, na kwamba hakuna mjumbe aliyelalamika.

Wajumbe hawakurudi chumbani. Kikao kilihesabiwa kimefungwa hapo hapo uwanjani, saa sita kasoro robo mchana.

Thoya Mangi
Mwenyekiti ............................

Caroline Kanze
Katibu ............................