Mkono wa Sitsofe

Kpando,
Jumapili jioni

Kwako Dada Enyonam,

Natumaini barua hii itakukuta umerudi kutoka zamu, umevua yale mabuti ya kiwandani na umekaa. Kama bado umesimama, kaa kwanza. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, miguu inamsumbua asubuhi tu, na ukimwekea ugali wa akple na supu ya bamia anasahau kama ana miguu. Anakusalimu sana, na anauliza kama huko Tema bado mnakula mikate ya dukani kama wagonjwa. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika?

Najua utashangaa kupata barua wakati wiki hii tu tumezungumza kwa simu. Kwa simu siwezi, Dada. Ukishaniita "mdogo wangu" kwa ile sauti yako, nasema mambo yote ni mazuri hata kabla hujauliza. Kwa hiyo nimejifungia chumbani, nimemwambia Mama kwamba nasahihisha kazi za watoto.

Nianze na shule, maana jambo lenyewe limeanzia huko. Unajua mwaka huu nimepewa watoto wadogo kabisa. Nilipowapa penseli mwanzoni, walizishika kama michi ya kutwangia, wakatoboa karatasi, wengine wakalia. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka na nimejikasirikia. Halafu Jumamosi moja nilikuwa nacheza ngoma ya borborbor na kina mama wenzangu wa kanisani, nikatazama leso zetu nyeupe zinavyopanda, zinavyokunja kona na kushuka, nikasema moyoni, mbona hizi ni herufi? Jumatatu nikabeba vipande vya kitambaa na lile galoni la njano la maji, nikaligeuza ngoma. Tuliimba "panda kilima, shuka, panda tena", na leso zikaandika hewani. Mkono wa mtoto hujifunza kuanzia begani, kisha kiwiko, kisha kiganja, na vidole vinakuja mwisho kabisa. Tulipotoka hewani tukaandika mchangani kwa kidole, tukaenda sakafuni kwa chaki, na penseli tukaiacha ije yenyewe.

Mwalimu mkuu wetu, Madam Perpetua, alinicheka wazi mbele ya walimu. Aliniuliza kama nimeajiriwa kufundisha au kutafuta mume kwa kukata viuno. Lakini muhula wa pili watoto walipoanza kuandika majina yao, nilimsikia akiwaambia wageni juu ya "mbinu yetu". Nilifurahi, siwezi kukuficha. Nilianza kujiona mtu.

Sasa nije kwa binti yako Sitsofe. Katika darasa lote hakuna anayecheza kama yeye. Ngoma ikianza, hata wale wakorofi wanatulia kumtazama. Ndiye wa kwanza kuandika jina lake lote, na ni jina refu. Lakini ni wa kushoto, unajua mwenyewe. Leso kushoto, penseli kushoto, kijiko nacho kushoto mpaka Mama amkumbushe. Mila zetu hazina shida na hilo kama tunavyojifanya: mtu akiutumia mkono wa kushoto anaomba radhi, mwenzake anajibu kwamba huo nao ni mkono, na maisha yanaendelea. Mama humjibu kila mara. Darasani, kila akiokota penseli alikuwa ananiambia kwa kile kisauti chake, "Mama mdogo, nisamehe, ni kushoto," na mimi nilikuwa najifanya namwangalia mtoto mwingine.

Ilinikera, Dada. Leso arobaini zinazunguka upande mmoja, na moja inazunguka kinyume, nayo ni ya mtoto wa nyumbani kwangu. Niliona watu watasema mwalimu ameshindwa kumnyoosha hata wa kwake.

Basi tukaambiwa wakubwa wa elimu wa wilaya wanakuja kutazama. Madam Perpetua akapaka ukuta rangi, akatuagiza tuvae sare za kitambaa kimoja, akaninong'oneza kwamba wakipenda nitapelekwa kufundisha walimu wa shule nyingine. Sikuweza kula siku hizo. Mazoezi yote niliyaongoza nikitazama leso moja tu.

Uliambiwa kwamba siku ile Sitsofe aliteleza kwa sababu anacheza bila kuangalia miguu yake. Mimi ndiye niliyekuambia, na si kweli. Asubuhi ile, nyuma ya darasa, nilimwekea leso mkono wa kulia. Akaihamisha. Nikairudisha, akaihamisha tena bila hata kujua. Ndipo nikachukua pini ya nepi, nikauvuta mkono wake wa kushoto ubavuni, nikaubana mkono wa gauni kiunoni, nikamfunga mshipi juu yake ili pini isionekane. Aliniuliza mkono umefanya nini. Nikamwambia ni kwa muda mfupi tu, asinitie aibu.

Walicheza vizuri mno. Wageni walikuwa wanapiga makofi. Kwenye wimbo wa kugeuka, Sitsofe alikosa kujisawazisha, maana mtu hugeuka kwa mikono yote miwili, na mimi nimemnyang'anya mmoja. Akaanguka kutoka barazani kwenye zile ngazi za saruji, kwa upande uleule wa kushoto, bila mkono wa kujizuia. Nilimfikia kabla ya mtu yeyote. Na Dada, jambo la kwanza nililofanya si kumwinua. Nilichomoa pini, nikaitia mfukoni, ndipo nikamwinua.

Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Njiani kwenda hospitali nilimwambia akiulizwa aseme ameteleza. Usiku ule nilipokupigia, ulicheka ukasema kucheza bila breki amerithi kwako, ukanishukuru kwa kumkimbiza hospitali. Nikaipokea asante yako. Kisha nikampa simu, naye akakuambia maneno niliyomfundisha, neno kwa neno. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini aibu ya kumsikiliza mtoto wako akikudanganya kwa ajili yangu sijaiona.

Tangu hapo anaandika kwa mkono wa kulia. Majirani wanasema Mungu amelimaliza lile tatizo. Madam Perpetua alisema heri nusu shari, akacheka. Na wale wageni wameniomba niwafundishe wenzangu wakati wa likizo, nami nilikubali.

Ijumaa tulikwenda kuondoa plasta. Muuguzi alipokuja na mkasi, Sitsofe akauficha mkono nyuma ya mgongo. Nilidhani anaogopa kukatwa, nikaanza kumbembeleza. Kumbe sivyo. Alimwomba yule muuguzi, kwa adabu kabisa, amwachie plasta mpaka amalize shule, ili ule mkono usitamani tena penseli. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza, akidhani ni utani wa watoto. Nilipiga magoti pale sakafuni, nikamwambia mkono wake haujakosa kitu. Akaniuliza, "Sasa nani amekosa?" Nikamwambia ni mimi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie mama yangu. Mimi nilimdanganya."

Ndiyo sababu ya barua hii. Jana nilikwenda nyumbani kwa Madam Perpetua nikamweleza kila kitu, na nikamwambia sitafundisha mtu likizo hii. Aliniambia niache wazimu, watoto huanguka kila siku, na nitaharibu jina la shule kwa pini moja. Kesho nitayarudia hayo mbele ya walimu wote. Mama nitamwambia leo, nikishaifunga bahasha.

Dada, ukitaka kuja kumchukua Sitsofe, njoo, nitafunga nguo zake kwa mikono yangu na sitasema neno. Ukiona bado naweza kukaa naye, nitashukuru, ingawa sistahili. Muuguzi anasema mfupa umeunga vizuri, lakini mkono umelegea, lazima autumie kila siku la sivyo utachelewa kupata nguvu. Namwimbia, napiga galoni polepole hapa uani, tukiwa wawili tu. Anaikunja leso vizuri, anaiweka magotini, anasikiliza mpaka wimbo unakwisha. Hachezi.

Wasalimie wenzako wote wa zamu, na umwambie yule jirani yako kwamba Mama bado anangoja sufuria yake. Jipumzishe, usibebe makreti peke yako. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nitakungoja unitazame.

Sitsofe amekuja sasa hivi kuuliza kama nimeshaandika. Nimemsomea, yote, hata ya pini. Nimempa kalamu akusalimu mwenyewe, nikamwambia aishike kwa mkono wowote autakao. Ameitazama kalamu, akanitazama mimi, akaishika kwa kulia. Hayo maandishi yanayoyumba hapo chini usidhani ndiyo hati yake.

Mimi mdogo wako niliyekukosea,
Akpene

SITSOFE