Meya na Karatasi Asizozisoma

Altenau, Wisconsin
15 Machi 1879

Kaka yangu mpendwa Korbinian,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mama. Je, kifua chake kimepata nafuu baada ya baridi ya mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, kwa hiyo nivumilie.

Uliuliza habari za ndugu yetu Xaver. Kiwanda chake cha bia kinastawi, na tangu Novemba yeye ndiye meya. Alipofika hapa alilala juu ya magunia ya shayiri, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na watu wakimcheka barabarani: "We Mjerumani, umemeza ulimi?" Leo anakiongea vizuri, lakini kukisoma hakujifunza kamwe. Mimi humsomea kila karatasi, naye huikariri, kisha husimama mbele ya madiwani ameishika kama msomi.

Sasa sikia alichofanya. Watu wa Bohemia, wahamiaji kama sisi, wale wanaomtengenezea mapipa, walimkatalia kisima cha mtaa wao alichokitaka kwa ajili ya kiwanda. Basi akaleta sheria: asiyejua kusoma Kiingereza asipige kura mjini! Nikamwambia, "Xaver, huoni haya? Na wewe je?" Akacheka, akipangusa povu la bia mdomoni. "Walburga, wewe ndiwe macho yangu. Wao wakatafute yao."

Macho yake! Miaka ishirini nimempikia, nimemfulia, nimemsomea, ili awafungie wenzake mlango alioingilia yeye.

Jumanne ukumbi ulijaa. Fundi mapipa mmoja, Vojta Hrubeš, alisimama akamnyooshea gazeti la siku ile. "Mheshimiwa Meya, tusomee mistari miwili tu, nami nitakaa chini." Xaver aligeuza gazeti huku na huku, akakohoa, akasema amesahau miwani. Sauti ikatoka nyuma: "Si hiyo hapo puani, mzee!" Watu wakaangua kicheko. Sheria ikaanguka kwa kura mbili.

Kesho yake alimfukuza karani wake, Pfaff, mwenye watoto watano, akimwita msaliti aliyetoa siri yake.

Kaka, Pfaff hakusema neno. Ni mimi niliyekwenda kwa Vojta nikamweleza kila kitu. Hilo silijutii. Ninachojutia ni siku tatu nilizonyamaza huku Pfaff akitemewa mate kwa ajili yangu. Leo mchana, mezani, nilimwambia Xaver usoni. Akasukuma sahani. "Toka nyumbani kwangu." Nikamjibu natoka, lakini nitapita mlango kwa mlango mpaka mji mzima ujue kwamba msaliti wake ni mimi, si Pfaff.

Jioni hii amemwita Pfaff arudi kazini. Mimi hajaniita, wala nisingekwenda. Nakuandikia kutoka jikoni kwa mke wa Vojta. Barua zako zilete hapa.

Mwambie mama nimehama, ila sababu usimwambie. Atataka niombe radhi, nami bado sina upole wa kumjibu.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu.

Dada yako,
Walburga