Kibanda cha Majeruhi

Jumatatu, 14 Novemba 1864
Leo tumepewa farasi. Wangu mwekundu hajafundishwa — kanitupa matopeni mbele ya kikosi kizima! Absalom, kaka wa mke wangu, kacheka mpaka akakaa chini. Anasema eti nilidhani ni ng'ombe wa bwana wetu wa zamani. Tulitoroka utumwa pamoja, shamba la tumbaku huku Kentucky, tukajiandikisha jeshi la Kaskazini siku moja. Nilimwahidi Lettie nitamrudisha kaka yake.

Alhamisi, 17 Novemba
Tumeingia milima ya Virginia. Mvua. Wazungu wa vikosi vingine — wa upande wetu hao — wanaangusha kofia zetu kwa fimbo, wanasema risasi ya kwanza tu tutakimbia. Kapteni katukataza kujibu. Wanasema pia waasi wa Kusini hawachukui mateka mweusi. Wanamuua pale pale. 

Jumamosi, 19 Novemba
Tuliacha farasi bondeni, tukapanda mlima kwa miguu. Tukawatoa waasi kwenye mahandaki yao. Kati yetu hakuna aliyekimbia. Mimi niliogopa mwanzo mpaka mwisho, ila nilipakia na kufyatua. Jioni risasi zikatuishia, tukashuka. Absalom kapigwa pajani, mfupa umevunjika. Wale wazungu hawatuangushi kofia tena. Mmoja kanipa kahawa yake.

Jumapili, 20 Novemba
Asubuhi. Amri ni kurudi Kentucky mara moja. Asiyeweza kukaa juu ya farasi anaachwa hapa kwenye kibanda cha majeruhi. Nimemwomba Sajini Whitlow nibaki na shemeji. Kasema ruhusa hana, ila kwenye orodha jina langu hataliita mpaka wavuke mto.

Absalom kakasirika. "Nenda zako. Unataka dada yangu awe mjane?"

"Nyamaza, shemeji. Nitakufunga kwenye tandiko."

Nimempandisha farasini. Kapiga ukelele, kazimia, damu imejaa buti. Nimemshusha, nimelikaza jeraha kwa shati langu. Majeruhi wengine wananitazama tu, hawaniombi kitu. Afadhali wangeomba.

Kikosi sikisikii tena. Ukungu mzito. Nasubiri azinduke nijaribu tena.

Farasi! Wanatoka juu mlimani, siyo mtoni walikokwenda wenzetu. Polepole. Kuna mtu anacheka. Mlango hauna komeo. Mmoja wa majeruhi kanyoosha mkono, kataka bunduki yangu — nimempa, mimi nimekaa na Absalom.

Absalom kafumbua macho. Kaniuliza kama ni wenzetu wamerudi.

Nimemwambia ndiyo.