Wifi na Bakteria Wangu

Shoga, nimetoka kwa daktari sasa hivi, na hasira bado hazijaniisha.

Si unajua wifi alivyong'ang'ania kuingia nami? Daktari akaeleza kwamba maumivu yangu ya tumbo ni endometriosisi, ule ugonjwa wa nyama kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, na watafiti wanachunguza kama bakteria wa njia ya uzazi wanachangia.

Wifi akadakia, "Bakteria? Kawatoa wapi, na kaka yangu katulia?"

KAWATOA WAPI! Mbele ya daktari!

Daktari akamjibu kwamba kila mwanamke anao bakteria huko. Kila mwanamke, shoga!

Nikashuka kwenye kitanda cha kupimia, nikapigapiga godoro. "Haya wifi, panda wewe sasa, utuambie wa kwako umewatoa wapi."

Akasema anafuata simu yake nje.

Simu alikuwa ameishika mkononi.