Jibu la Asubuhi

Mama Watoto,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Pasi nimezima. Nimeangalia mara mbili, kwa hiyo usije ukaniuliza.

Nimemfuata yule mwalimu shuleni kwake. Asubuhi aliniuliza mimi, fundi, kama kitambaa chake kinatosha gauni la mikono mirefu. Nikawa napiga hesabu. Wewe ukadakia: "Hakitoshi, tutakushonea mifupi." Akaondoka amenywea. Kitambaa kinatosha, mke wangu, na kinabaki! Miaka ishirini nashona, leo wewe unayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano ndiye unayenijibia?

Tangu nianguke kwenye ngazi nikaumia kichwa, maneno yenu yananifikia sawasawa. Jibu langu ndilo linalokuja kwa miguu. Daktari alisema mbele yako kwamba kilichopungua ni kasi, si akili. Binti yako naye ananimalizia sentensi, tena anazimalizia ovyo.

Mkiniuliza kitu, hesabuni hadi kumi. Kimoyomoyo, si kwa sauti kama jana.

~~Msiniwekee chakula.~~ Niwekeeni chakula, mkifunike.

Halafu, ulipokuwa unatoka kwenda sokoni uliniuliza kama nimekasirika, ukafunga mlango kabla sijafungua mdomo. Jibu limefika sasa hivi: ndiyo, sana.

Baba Watoto