Honi ya Bibi wa Konani

Chumba cha nyuma,
Kwa Fundi Saa.
Jumapili alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hujaendelea kusoma, nakusihi: haya yabaki kati yetu. Hata Mjomba asiyaone, maana siri ikimfikia yeye huota miguu.

Magoti yanaendeleaje? Yale mazoezi ya daktari unayafanya kweli au unamzuga? Mimi ni mzima wa mwili; moyo ndio haujatulia.

Unaikumbuka kona ya barabara ya machimboni? Ulinifundisha kwamba dereva akifika pale lazima apige honi kumwamkia Bibi asiyeonekana, la sivyo Bibi atapanda kiti cha nyuma. Madereva bado wanamwamkia. Sasa wakazi wa nyumba mpya kilimani wamechoshwa na kelele, na bosi wangu wa halmashauri ameniagiza niandike tangazo la kupiga marufuku honi. Kesho analitia saini.

Nilitaka kwanza kuiona kona yenyewe. Jana mchana dereva wa ofisi akanipeleka. Tulipoikaribia kona nikamwomba asipige honi, tuone. Akacheka. "Karani, wewe umesoma. Bibi hajasoma." Lakini akanitii.

Shangazi, mbele yetu ikalia honi ndefu, kama ya lori. Dereva akakanyaga breki na kujibanza pembeni. Halikupita lori. Haikupita hata baiskeli. Tulingoja mpaka injini ikapoa.

Niliposhuka kuchungulia, niliona jambo jingine: mwamba umeificha njia yote. Anayekuja humwoni mpaka mmekuwa uso kwa uso. Bila honi, pale watu watakufa. Kwa hiyo aliyemtunga Bibi alikuwa na akili zake. Ila kama ametungwa, nani alitupigia honi?

Kesho nitamwambia bosi kwamba siliandiki. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, anaweza kunifukuza palepale. Nitamweleza habari za mwamba tu. Za Bibi nitazimeza. Lakini wewe ulikulia huku. Alikuwepo kweli? Alikuwa nani?

Nisalimie Mjomba na wale pacha wako wasioshiba. Mungu akupe magoti mapya na usingizi mzuri.

Mwoga wako akupendaye.

Tafadhali usipige simu ya ofisini, mpokea simu hukaa akisikiliza. Mpigie Fundi Saa, mwenye nyumba, ataniita. Na ukija mwenyewe, pale konani mwambie dereva apige honi, hata mkikuta kibao kinakataza. Kisha azime injini kidogo, msikilize.